Shahidi wa Pili wa Igombe

Bibi wa Volgograd alisema vita vya mji wao ndivyo vilivyokuwa vibaya kuliko vyote, na mwalimu wa Voi akacheka.

Nadhani hakucheka kwa dharau, alikuwa amechoka tu. Tulikuwa tumekaa katika ukumbi wa Mizani pale Itigi tangu asubuhi, kila mtu na kidude cha tafsiri sikioni, na kilichokuwa kinagombaniwa ni nafasi moja. Bibi Galina, yule wa Volgograd, aliendelea kama hakusikia. Alieleza jinsi walivyopigana Stalingrad, kama mji wao ulivyoitwa wakati ule, chumba kwa chumba, jeshi hili likiwa jikoni na lile sebuleni, kwenye baridi ya kukata vidole, na raia wamo humo humo kwenye mahandaki. Mwalimu akamjibu kwamba watu wake angalau wana sanamu. Yeye alikuwa anawasemea wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya Waingereza na Wajerumani kwenye nchi zetu katika vita vya kwanza vya dunia. Walikufa kwa njaa na kuhara, wanakadiriwa laki moja na zaidi, na wengi wao hakuna aliyeandika hata majina. Akauliza vita vinapimwa kwa risasi au kwa watu wasiorudi nyumbani.

Mzungu mmoja nyuma akataja Somme, ambako vijana wa Kiingereza karibu elfu ishirini walikufa siku ya kwanza peke yake. Mwingine akasema siku moja si kitu, tatizo ni vita visivyokwisha. Wakapandishiana sauti.

Nyamizi, niliyetoka naye Igombe, akaniinamia. "Shoga, hawa wanashindana misiba kama ndugu wa bwana harusi wanavyoshindana vyungu vya pilau."

Nikamwambia anyamaze.

"Nanyamaza. Ila sisi chungu chetu kidogo. Watu wa Igombe wote hatujazi hata uwanja wa mpira."

Ni kweli, tulikuwa wachache. Lakini idadi sicho kitu kilichokuwa kinapimwa mle ndani. Sheria ya Baraza la mataifa linalosimamia nyumba hii inasema hakuna mkuu wa nchi wala wa jeshi atakayetia sahihi ya vita kabla hajaweka viganja vyake kwenye vibao vya Mizani akahisi vita vitatu vizito kuliko vyote. Akivihisi ndipo aamue. Vitatu tu, kwa sababu kwenye majaribio yule jenerali aliyeongezewa vya nne hakuinuka tena kwenye kiti. Hiroshima ilikuwa imeshapata nafasi yake. Kivu pia. Ilibaki ya tatu, na waliokuwa wanaitaka ni Stalingrad, wapagazi, na sisi.

Mashine yenyewe si ngumu kuielewa ukishaiona inafanya kazi. Shahidi anavaa kofia. Kofia inasoma kumbukumbu pale mwili ulipoihifadhi, kwenye koo, kwenye tumbo, kwenye ngozi ya mikono, kisha inaipeleka kwenye vibao vilivyo mbele ya kila kiti. Ukiweka kiganja unahisi alichohisi, unasikia alichosikia. Picha hazipiti kwenye vibao. Picha zinakwenda kwenye skrini moja tu, iliyo ofisini kwa Daktari Lwitiko aliyeitengeneza kofia hiyo. Ukutani kuna sindano kubwa inayopanda kufuata uzito wa maumivu. Kwa vita vya zamani, ambavyo mashahidi wake wamekwisha, wanatumia mifupa, barua na nguo, na mashine inakisia.

Lakini kuhusu shahidi aliye hai kuna jambo ambalo hawakutuambia mapema. Tuliambiwa na Mzee Cirhuza wa Bukavu, aliyeisemea Kivu. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Alivaa kofia akidhani atatoa usiku walipochomewa nyumba, amejiandaa nao maisha yake yote. Kilichotoka ni mlio wa mfuniko wa sufuria unaotingishika kwa sababu mkono wa mama yake ulikuwa unatetemeka. Sindano ilipanda mpaka ikagonga mwisho.

"Mama Chausiku, ile mashine haikuulizi unataka kusema nini," aliniambia. "Inajichagulia yenyewe. Njo vile inafanyaka."

Ndipo nilipoanza kuogopa.

*

Lazima nieleze kwa nini walitutaka sisi wawili. Moshi mweupe wa sumu ulipotupwa Igombe, barabara ilikuwa imefungwa na upande ule tuliokuwa tunagombea nao bwawa. Hakukuwa na hospitali wala mwandishi wa habari. Watu walitoka vitandani mwao, wakaja kwenye mikono yetu waosha maiti, wakaenda makaburini. Ulichokifanya ule moshi kwenye mwili wa binadamu tulikiona sisi tu. Waosha wanaume walikufa mmoja mmoja baadaye, nadhani kwa kushika zile nguo. Nikabaki mimi na Nyamizi, na Nyamizi ana kidude cha moyo ambacho kofia inakikataa.

Niliosha wanawake. Na nilimwosha mume wangu, Hamduni, kwa sababu mke ana ruhusa hiyo na wanaume walikuwa wamezidiwa.

Sasa, anayeosha maiti anasitiri. Nilifundishwa hivyo na shangazi yangu kabla sijashika kata ya kwanza ya maji. Ukiona kwenye mwili wa mtu jambo jema, uso umenawiri, unaweza kuwaambia wenye msiba wakafarijika. Ukiona la kumfedhehesha unafunga mdomo, humwambii mama yake wala mumeo, na utalijibia kwa Mungu ukilitoa. Ya Hamduni mwenyewe niliwaficha hata wanawe. Wanangu wanajua baba yao alikufa kama aliyelala.

Barua ya Baraza ilipokuja nilikwenda kwa shehe wetu Tabora. Akafikiri sana. Akasema kuna faida ya umma ndani yake, kwamba huenda mkuu fulani siku moja akaweka kiganja chake pale akaahirisha vita na watu wakapona. Kisha akasema hawezi kuniamulia, nishauriane na nafsi yangu. Hivyo nilikuja Itigi bado ninashauriana.

Siku ile ya mabishano, baada ya Adhuhuri, Daktari Lwitiko aliniita ofisini kwake kwa mahojiano ya maandalizi. Ni mtu mpole. Alinivutia kiti, akaniuliza habari za magoti. Kisha akaanza, na mimi nikawa ninasikiliza maswali kuliko nilivyosikiliza majibu yangu.

Aliuliza upepo ulikuwa unatoka wapi. Nyumba ya kwanza ilikuwa umbali gani kutoka bwawani. Aliuliza nani walichelewa kufa, wanene au wembamba. Waliofunga madirisha walipona? Nilingoja aniulize nilikuwa na hali gani, au nani alilia, au Hamduni alikuwa mtu wa namna gani. Hakuuliza. Nimeshaona mtu anayenunua ng'ombe mnadani, anavyomzunguka na kumbonyeza. Nilimkumbuka.

"Na ile alama," akasema, huku anaandika. Akaitaja, na mahali inapokaa mwilini.

Sitaiandika hapa.

"Ilikuwa inatokea mtu angali hai," akaniuliza, "au baada?"

Nikamjibu sikumbuki.

Akaacha kalamu, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tukae. "Unakumbuka, Bi Chausiku," akasema kwa upole ule ule. "Na hata ukisahau, kesho kofia itakumbuka."

*

Nilimkuta Nyamizi kwenye chumba chetu anasuka ukili wa mkeka. Nikafunga mlango. Sikuzunguka, nikamuuliza kama kuna siku amewahi kumwambia mtu yeyote tulichokiona.

Alidhani ninatania. Akasema ndiyo, alitangaza redioni. Alipoona sicheki, na kusikia kwamba Daktari ameitaja ile alama, akaweka ukili chini.

"Mtoto wa dada yangu nilimwosha siku zile," akasema. "Mama yake ananiuliza kila Idi, na kila Idi namwambia alikuwa mzuri kama alivyozaliwa. Leo nikamwambie daktari wa watu?"

Alinipa mgongo. Nikakaa karibu naye, nikamwomba radhi, akachukua muda kunipa. Ukiishi miaka mingi na siri ya watu wawili, mwenzako ndiye wa kwanza kumshuku, na yeye analijua hilo, na bado linauma.

Alipogeuka alikuwa ameshatangulia kufikiri. "Basi kajuaje?"

Tukalipitia. Ripoti hakuna, kwa sababu hapakuwa na wa kuandika. Makaburi hayajafukuliwa, yangefukuliwa tungejua. Waosha wanaume walikuwa watu wa dini kuliko sisi. Nyamizi akasema labda upande ule ulituma watu kuangalia. Nikamkumbusha kwamba upande ule hawakuingia Igombe mpaka tulipomaliza kuzika wa mwisho.

"Ila yule aliyeutengeneza ule moshi," akasema polepole. "Hawezi kutupa kitu kwa watu bila kukijaribu kwanza. Hata mimi chumvi naionja."

Akauokota ukili wake, akaendelea kusuka.

Kabla ya Magharibi nilimtafuta Mzee Cirhuza. Nilimkuta uani na Bibi Galina, wanacheza karata bila lugha ya pamoja, vile vidude vya tafsiri wamevitoa masikioni. Nikamuuliza Mzee kama naye aliitwa ofisini kabla ya zamu yake, na aliulizwa nini. Alikunja uso. Alisema Daktari alitaka kujua ni kitu gani kilifanya watu wakimbie na kitu gani kiliwafanya wabaki, na walitembea mpaka wapi kabla ya kuanza kuwaacha wazee njiani. Alidhani ni mambo ya historia. Kisha wote wawili wakavaa vidude vyao, naye akamrudishia Bibi Galina swali langu. Yeye alijibu bila kuinua macho kwenye karata. Aliulizwa, kwa yaliyomo kwenye barua za mabibi zake, watu wa mji uliozingirwa huacha kuzika maiti zao baada ya muda gani.

"Mimi nilisema hii nyumba ni ya kuzuia vita," Mzee akaniambia.

Nikamwambia hata mimi nilikuja kwa sababu hiyo.

*

Asubuhi Daktari alituletea chai mwenyewe. Mtu mkubwa kama yeye kabeba sinia mpaka chumba cha wageni, na anajua mimi sinywi na sukari. Nikapokea, nikashukuru, nikaiweka dirishani ikapoa. Nyamizi akauliza kama nimefunga siku ya Jumanne. Yake nayo hakuigusa.

Ukumbini kila mtu alikuwa ameshakaa, viganja juu ya vibao. Jaji Ndelilio ndiye anayeongoza vikao, mwanamke mrefu, mkimya, anayesifika kwa haki. Na yeye ana kibao mbele yake kama wengine. Alisoma jina la vita vyetu, akasoma jina langu, akaniambia kofia iko tayari.

Nikasimama karibu na kiti cha shahidi lakini sikukaa. Nilikuwa nimeswali rakaa mbili za kuomba kuongozwa, na sikuona ndoto wala dalili. Nilichokuwa nacho ni kile kile nilichokwenda nacho kulala. Nikasema Igombe ina shahidi mwingine aliye hai, na naomba atangulie yeye.

Jaji akaangalia karatasi zake. Akasema mwingine ni Bi Nyamizi, na moyo wake haumruhusu.

"Si yeye, Mheshimiwa. Ni Daktari Lwitiko."

Kelele zikatokea, Jaji akazinyamazisha. Nikaeleza bila haraka. Kwamba jana alinitajia jambo lililokuwa kwenye miili ya watu wetu. Kwamba jambo hilo silitaji hapa na sitalitaja popote, kwa sababu mimi ni mwosha na wale ni watu wangu. Kwamba wanaolijua ni waliowaosha, na waliowaosha hawasemi. Basi anayelijua bila kuosha maiti zetu, alikuwepo mahali ambapo mwili kama ule ulipatikana. Kanuni ya nyumba hii nimesomewa siku nilipofika: mwenye ujuzi wa vita kwa mwili wake mwenyewe anavaa kofia.

Daktari hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Alisema bibi amechoka, kwamba alisoma habari ile katika ripoti ya hospitali.

"Hospitali gani?" akauliza Nyamizi kutoka kwenye benchi, na hakuruhusiwa kusema. "Tutajie, na sisi tukatibiwe."

Watu kadhaa walicheka. Jaji hakucheka. Alimuuliza Daktari kama ana pingamizi la kukaa kwenye kiti. Nilimwona anapima. Angekataa, angekuwa amejibu. Na kofia ni yake, anaijua kila uzi. Nadhani aliamini kwamba yeye peke yake kati ya wanadamu anaweza kuishinda.

"Sina cha kuficha," akasema. Akavua miwani, akakaa, akavaa.

Nikarudi kwenye kiti changu na kuweka viganja vyangu kwenye kibao. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama mtoto anayesoma kimoyomoyo. Alikuwa anajisomea ile ripoti yake, naamini. Kwa muda mfupi hatukusikia kitu.

Kisha tukasikia ubaridi wa chumba chenye kiyoyozi. Harufu ya sabuni ya hospitali. Kiti kinavutwa mbele. Halafu sauti ya mtu anayegonga kioo kwa kiganja, upande wa pili, kwa nguvu. Anagonga, anagonga, halafu anagonga polepole. Kalamu inaandika kwenye karatasi. Yule mtu akagonga mara moja tena, akaacha, na kalamu ikaacha.

Na hapo ikaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu, au kwa majuto, kwa sababu nilidhani hakuna mtu asiyekuwa nayo kabisa. Ilikuwa furaha. Ilipanda kifuani pangu kama ilivyopanda kifuani pake, tamu, safi, furaha ya mtu aliyehangaika na kazi kwa miaka na leo imekubali. Niliihisi mimi, mjane wa Hamduni. Niliihisi kwa mwili wangu, na mwili wangu haukuikataa, ulitulia nayo kama anayekunywa maji baridi.

Nikaondoa mikono.

Nilitazama ukutani. Sindano haikuwa imetikisika. Mizani inapima maumivu, na pale hapakuwa na maumivu ya mtu aliyevaa kofia.

Bibi Galina alikuwa anafuta viganja kwenye sketi yake, anavifuta na kurudia. Mwalimu wa Voi alikuwa ameinama. Mzee Cirhuza alikuwa amesimama kabisa, mikono kaiweka nyuma kama anayeogopa itarudi yenyewe. Daktari alivua kofia, akatafuta miwani yake, akasema ile ilikuwa kazi ya zamani, kabla ya Baraza, na kwamba nchi nyingi zilifanya kazi kama hizo. Askari wa mlangoni walimtazama Jaji wakingoja amri.

Nami nikamtazama Jaji.

Mikono yake ilikuwa bado juu ya kibao. Macho ameyafumba. Kofia ilishavuliwa lakini kibao hubaki na joto la kumbukumbu kwa muda kidogo kabla hakijapoa, na yeye alikuwa anangoja lile joto liishe. Nilipotazama vizuri ukumbini nikaona si yeye peke yake. Wako wengine, mmoja safu ya mbele, wawili nyuma, mwingine karibu na dirisha, watu wa heshima waliokuja na vita vyao, wamekaa kimya na viganja vyao vimetulia.

Nikawafikiria wale wakuu watakaoletwa hapa siku moja kabla ya kutia sahihi. Nikajiuliza, wakipewa kuchagua, watataka kibao gani.

Jaji alifumbua macho. Akaondoa mkono mmoja, kisha wa pili. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Aliwaamuru askari wamweke Daktari chumba cha pembeni, na wakamweka, bila kumshika mkono. Kisha akanigeukia.

"Bi Chausiku, Igombe haijapata uzito wowote. Kama hutakaa, itaandikwa hivyo. Kofia iko tayari."

Nyuma yake, kwenye ofisi ya kioo ya Daktari, skrini ilikuwa bado inawaka, na kiti kilichokuwa mbele yake mtu mwingine alikuwa ameshakikalia, kalamu mkononi, anangoja picha zangu.

Nilisimama. Nilimwambia Jaji aandike hivyo hivyo. Watu wa Igombe waliosikia siku ile hawajanisamehe, na wana haki, kwa sababu wafu wetu hawamo katika vile vitatu na hakuna mkuu atakayewahisi. Nikamshika Nyamizi kiwiko, maana macho yake ni mabovu na ngazi za pale ni kali.

Nje akaniuliza tunakwenda wapi sasa.

Nikamwambia atafute bomba kwanza, nataka kunawa mikono.